Wimbo Namba Tisa

Sehemu ya Sita: Mlango Haukufungwa

Kidole cha Karani kiko pale pale tulipokiacha Jumamosi iliyopita, msomaji wangu: juu ya kitufe cha kuzimia. Kanda imesimama. Wimbo namba tisa umekatika katikati ya ubeti wa pili, na wajumbe watano waliozunguka meza wote wamemgeukia yeye.

"Karani," Mwenyekiti akasema taratibu, "mbona umezima?"

Angejibu nini? Kwa mujibu wa taratibu, wimbo ule haukuwa umesikiwa na sikio lolote zaidi ya la aliyeutunga. Na yeye aliujua tangu ana miaka sita. Mama yake, marehemu sasa, aliuimba kila alipopiga pasi. Haukuandikwa popote. Haukuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yao.

"Mashine inataka kuitafuna kanda, Mzee," akasema. "Ngoja niinyooshe."

Uongo ulimtoka laini hadi mwenyewe akashangaa. Akafungua kifuniko, akaigusagusa kanda ambayo haikuwa na tatizo lolote, akakifunga.

Wewe uliyejiunga nasi leo, shika haya machache kisha twende. Nchi yao ilikuwa ndogo mno. Kwenye ramani jina lake lilikosa nafasi ndani ya mipaka, likaandikwa pembeni na kuwekewa mshale. Mara sita walipeleka wimbo kwenye mashindano ya kimataifa, na mara sita walishika mkia. Kila mara watu walisema wimbo ulipita kwa kujuana. Mwaka huu redio ya taifa ikaapa: nyimbo zitasikilizwa kwa namba tu. Majina ya watunzi yatakaa ndani ya bahasha zilizopigwa lakiri, na bahasha pamoja na kanda zitakaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwa Mwenyekiti, mwingine kwa Karani. Hakuna afunguaye peke yake.

Karani akabonyeza. Wimbo ukaendelea.

Aliyeimba alikuwa mwanamume, sauti imekwaruza kama mwenye mafua, na nyuma yake piano tupu. Ubeti wa kwanza walikuwa wameshausikia:

*Nimefika mlangoni, mkono nimeinua;*
*Nipige hodi, nirudi, moyo haujaamua.*

Karani alijitahidi kuwaza mambo mengine. Aliwaza dawa ya mende. Haikusaidia. Ubeti wa tatu ukaingia kama mtu anayerudi kwake:

*Mlango haukufungwa, ni wewe hukusukuma;*
*Aliye ndani angoja, nawe watazama nyuma.*

Kanda ikaisha. Mwenyekiti, mzee aliyetunga nusu ya nyimbo zinazopigwa redioni humo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaandika kumi.

Mtu huyo hajawahi kumpa mtu zaidi ya saba. Wanasema hata siku ya harusi yake, alipoulizwa kama amefurahi, alijibu, "Saba."

Namba tisa iliwaacha wenzake mbali. Hakukuwa na mjadala.

Ila mjumbe mmoja hakuwa akitazama alama. Alikuwa akimtazama Karani.

* * *

"Binti. Simama kidogo."

Ilikuwa ukumbini, nje ya chumba cha kamati. Aliyeita alikuwa Mama Kwaya, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, aliyefundisha kwaya miaka thelathini. Kati ya waimbaji hamsini humwona mmoja anayefumbua mdomo bila kuimba.

"Ubeti wa tatu," akasema Mama Kwaya. "Midomo yako ilitangulia."

"Ilitangulia nini, Mama?"

"Maneno. Mwimbaji bado anavuta pumzi, wewe umeshafika *mlango haukufungwa*."

Karani akajifuta mdomo. "Labda nilibahatisha."

"Mtu hubahatisha neno. Habahatishi ubeti." Mama Kwaya akasogea karibu. "Wimbo unachezwa mara ya kwanza leo, na wewe unaujua. Ama umefungua kabati, ama mwenye wimbo ni mtu wako. Na kabati lina kufuli mbili. Kwa hiyo kama limefunguliwa, hukulifungua peke yako."

"Sijafungua kitu, Mama."

"Basi niambie umeujuaje."

Karani akapiga hesabu. Akisema ni wimbo wa mama yake, ni sawa na kusema mwenye wimbo ni mtu wake. Asiposema, basi ni mwizi. Njia zote mbili ziliishia mlango mmoja: kazi hana, wimbo umefutwa, na nchi imekuwa kichekesho hata kabla ya kupanda ndege.

"Kesho saa nne bahasha zinafunguliwa, na redio inarusha moja kwa moja," Mama Kwaya akasema. "Ukiwa na neno, nisikie kabla ya hapo. Nikilisema mimi mbele za watu, halitakuwa tamu."

Akaenda zake, viatu vyake vikigonga sakafu kwa mapigo sawasawa, moja mbili, moja mbili, kama mtu anayehesabia waimbaji.

* * *

Walio hai waliojua wimbo ule walikuwa watatu tu. Wa kwanza ni Karani mwenyewe. Wa pili ni mdogo wake, fundi cherehani mwenye chumba cha kushonea nyuma ya duka la vioo. Karani alimkuta ameinamia gauni la bibi harusi, pini sita mdomoni.

"Nani umemwimbia wimbo wa Mama?"

Mdogo wake akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. Hakuwa na haraka.

"Shikamoo, Dada. Na mimi nimefurahi kukuona."

"Nakuuliza."

"Na mimi nasikia. Wimbo upi?"

"Wa pasi."

Mdogo wake akanyanyua macho. Karani akamsimulia yote: kanda, mwanamume mwenye mafua, alama kumi, Mama Kwaya. Alipomaliza alitegemea machozi, au angalau mshangao. Badala yake mdogo wake akakunja mikono kifuani.

"Kwa hiyo umekuja kuniuliza mimi."

"Nimuulize nani?"

"Jiulize. Nani anashinda katikati ya wanamuziki, mimi au wewe? Nani ana ufunguo wa hilo kabati? Mimi nashinda na zipu, Dada. Zipu haziibi nyimbo."

"Mimi nimwuzie mtu wimbo wa Mama?"

"Sijasema umeuza. Nasema umeingia hapa na uso wa polisi, na mimi sijala tangu asubuhi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Karani akasema kwa uchungu.

"Nguoni mwangu nazijua nyuzi zote. Katafute kwako."

Karani akageuka aondoke. Alikuwa ameshashika pazia la mlango, ndipo nyuma yake cherehani, iliyokuwa imeanza kulia, ikanyamaza.

"Dada. Rudi ukae."

Hakukaa, lakini alirudi.

"Mwaka jana Baba alikuja hapa," mdogo wake akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Akaniambia anaanza kusahau. Akaniomba nimtajie maneno ya ule wimbo, polepole, ayaandike. Beti zote tatu. Nilidhani anamkumbuka Mama, nikamtajia. Nilimwonea huruma hata nikalia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mzee anamlilia mkewe?"

Wa tatu aliyeujua wimbo ule alikuwa baba yao. Na baba yao, msomaji wangu, alikuwa fundi saa mstaafu aliyekumbuka namba ya kila saa aliyowahi kuifungua kwa miaka arobaini. Mzee yule hakuwahi kusahau kitu maishani mwake.

* * *

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika. Mzee alikuwa kwenye meza yake dirishani, saa ya mkononi imefumuliwa mbele yake, na kile kioo chake kidogo cha kukuzia amekibana jichoni. Alimwitikia salamu bila kukitoa.

"Baba, mwaka jana uliandika maneno ya wimbo wa Mama. Uliyapeleka wapi?"

Kibanio mkononi mwake kikasimama juu ya gurudumu dogo kuliko punje ya mchele.

"Wimbo upi wa mama yako?"

"Baba. Unaujua."

"Naujua. Ndiyo maana nauliza. Ule haukuwa wa mama yako."

Karani akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Alikuja nao," mzee akaendelea, jicho moja limefichwa na kioo, la pili likiitazama saa. "Mwaka ule alioanza kufagia pale redioni. Wewe ulikuwa hujaanza shule. Alirudi siku moja anaimba, mstari mmoja tu: nimefika mlangoni. Nikamuuliza, wa nani huo? Akasema, wa mtu mmoja pale kazini, ameuanza, amekwama. Nikamuuliza, mtu gani? Akasema, mtu tu."

"Mtu tu."

"Mtu tu. Beti mbili zikaja nyumbani kwangu hivyo, kidogo kidogo, kila siku mstari. Halafu ubeti wa tatu akautunga mwenyewe, hapo ulipokaa, anapiga pasi mashati yangu." Mzee akaweka kibanio chini. "Wewe ni msomi, hebu uusikilize vizuri. Mwanamume anasema, nimesimama mlangoni, naogopa kupiga hodi. Mwanamke anamjibu, mlango haukufungwa, ni wewe hukusukuma. Ungekuwa wewe mumewe, ungelala?"

Karani hakuwahi kuusikia wimbo ule kwa sikio hilo. Alijihisi kama mtu aliyeishi nyumba moja maisha yake yote, leo anaambiwa kuna chumba kingine nyuma ya kabati.

"Ni maneno ya wimbo tu, Baba."

"Nilijiambia hivyo miaka ishirini na minne. Nikamzika nikiwa najiambia hivyo." Mzee akakitoa kile kioo, na jicho lililokuwa nyuma yake lilikuwa jekundu. "Mwaka jana nikasema, kabla na mimi sijaondoka, nimjue. Nikajifanya nasahau, mdogo wako akanitajia, nihakikishe sijakosea neno; nikaandika wimbo mzima. Bahasha juu yake nikaandika: kwa aliyeuanza wimbo huu. Nikamwachia mlinzi wenu getini, akasema ataizungusha kwenye masanduku ya barua ya wanamuziki hadi impate mwenyewe. Sikuweka jina langu. Nikarudi, nikakaa nasikiliza redio."

"Ulimtegea mtego."

"Nilimtegea. Aliyeuanza ndiye angejua kwamba mwisho wake ni jibu kwake. Nikasema, siku ukipigwa, nitajua ni nani." Akamwangalia bintiye. "Kumbe umepigwa."

"Umepigwa, Baba. Na umeshinda. Lakini mtunzi ni siri hadi kesho."

"Saa ngapi?"

"Saa nne. Usije. Sikiliza redio."

Mzee akarudisha kioo jichoni, akainamia saa yake. Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja.

* * *

Kesho yake Karani aliweka birika jikoni akiwa hajalala vya kutosha. Maji yalipoanza kuchemka, kifuniko kikatetemeka: zzz. Akasimama na kikombe mkononi.

Zzz. Aliisikia sauti ile jana.

Ilikuwa kwenye kanda. Kila mpiga piano aliposhuka chini, noti moja ililia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Na piano yenye noti hiyo ilikuwa moja tu mjini: ya Studio Namba Mbili, iliyoitiwa fundi mara tatu, na mara tatu fundi akasema imezeeka, muivumilie.

Wimbo namba tisa ulirekodiwa mle mle redioni.

Chai aliiacha mezani. Saa moja na nusu alikuwa Studio Namba Mbili, anafunua daftari ambalo kila anayetumia chumba kile lazima asaini. Akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, wiki kwa wiki. Miezi mitatu nyuma, Jumapili, saa mbili hadi saa tatu asubuhi, wakati jengo halina mtu. Kwenye safu ya kazi: *kupima piano*. Kwenye safu ya sahihi, mkunjo mrefu kama mkia wa panya, ambao Karani aliuona kwenye barua kila siku ya kazi.

"Umewahi leo."

Hakugeuka mara moja. Mwenyekiti alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Na wewe umewahi, Mzee."

"Sisi wazee hatulali." Akaliona daftari, akaona lilipofunuliwa. "Funga mlango."

Karani hakuufunga.

Mzee akaketi kwenye kiti cha piano, taratibu, kama anayekaa hospitalini kusubiri majibu. "Uliza."

"Aliyeimba kwenye kanda ni nani?"

"Mimi. Nilijifunika leso mdomoni ili wenzangu wasinitambue. Nilikaribia kukosa pumzi."

"Wewe ni mwenyekiti wa kamati. Huruhusiwi kushindana."

"Sishindani. Jina lililomo kwenye bahasha si langu."

"Ni la nani?"

"Nisikilize kwanza." Akaigusa piano bila kuipiga. "Miaka ishirini na mitano hivi iliyopita nilikuwa hapa hapa, nina beti mbili na sina wa tatu. Nilikwama miezi. Kulikuwa na mama mmoja mfagizi. Asubuhi moja akapita na ufagio wake, anaimba beti zangu mbili, halafu wa tatu, kama vile ulikuwepo siku zote. Nikamwambia, mama, rudia. Akaona haya, akashika ndoo yake, akaondoka. Basi."

"Basi?"

"Basi. Hata jina sikulijua. Salamu za asubuhi tu, na siku hiyo moja. Ubeti wenyewe sikuwahi kuunasa vizuri. Mwaka jana nikakuta bahasha kwenye sanduku langu, wimbo mzima. Nikajua ni yeye, ananirudishia. Nikaurekodi, nikautuma kwa posta kama mtu mwingine yeyote."

"Kwa jina la nani?"

"La anayestahili. Majina ya wafanyakazi wa zamani yapo kwenye faili."

Karani akamtazama. Pale kazini hakuwahi kumwambia mtu kwamba mfagizi wa zamani alikuwa mama yake. Hakuficha kwa aibu. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye aliajiriwa mama akiwa ameshafariki. Kwa hiyo mzee huyu alikuwa akimsimulia habari za mama yake bila kujua kwamba ni mama yake. Au alikuwa anajua? Hadithi ilikuwa imenyooka mno, kama shati lililotoka dukani. Maisha hayanyooki hivyo.

"Huyo mama yuko wapi sasa?" akajaribu.

"Sijui." Macho ya mzee yalikuwa kwenye vibao vya piano. "Huenda hayupo."

"Mzee, mimi nitasimama pale saa nne. Mama Kwaya ananishuku mimi."

"Najua. Ukisema ulichokiona kwenye daftari hili, wimbo utafutwa, na jina lile litafutwa nalo. Ukinyamaza, nchi nzima italisikia, halafu dunia nzima. Mfagizi. Ni juu yako."

Hapo ndipo alipomkamata. Karani aliona mikono ya mama yake, ngozi ya viganja imekakamaa kwa mpini. Aliona miaka yote ambayo watangazaji walimruka mama yule na ndoo yake kama wanaruka dimbwi. Na sasa jina lake lisomwe humo humo, hewani.

Akalifunga daftari, akalirudisha mahali pake.

Saa nne kasoro robo Mama Kwaya alimsubiri mlangoni mwa studio kubwa. "Una neno?"

"Sina, Mama."

"Haya," akasema Mama Kwaya, na ilisikika kama mtu anayefunga kitasa.

* * *

Studio kubwa ilijaa: waandishi, wapiga picha, watunzi kumi na wawili kila mmoja akijifanya hana wasiwasi. Juu ya mlango taa nyekundu iliwaka. Walikuwa hewani.

Kabati la chuma likaletwa. Mwenyekiti akafungua kufuli yake, Karani ya kwake. Bahasha namba tisa ikatolewa, ikaonyeshwa kwa wote: lakiri nzima, haijaguswa. Mtangazaji akasogeza kipaza sauti.

"Karani wa kamati sasa atatusomea jina la mtunzi atakayetuwakilisha."

Karani alikuwa ametulia kuliko alivyotarajia. Jina la mama yake alilifanyia mazoezi njiani, ili lisije likamkwama. Akavunja lakiri, akakunjua karatasi.

Halikuwa jina la mama yake.

Lilikuwa lake yeye.

Majina yote matatu, yamepigwa taipu, hata lile la katikati ambalo pale kazini hakuwahi kulitumia, ambalo halimo kwenye faili lolote la ofisi. Jina la utotoni, alilopewa na mama, na mama peke yake ndiye aliyekuwa akimwita hilo.

Akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anatazama dirisha.

Angeweza kudanganya. Karatasi iko mkononi mwake, angetamka jina la mama na hakuna ambaye angejua. Lakini Mama Kwaya alikuwa amesimama ubavuni pake, kiganja wazi, akisubiri apewe karatasi aihakiki.

Basi akasoma. Alisoma jina lake mwenyewe kwa sauti ya mtu anayesoma jina la mshtakiwa.

Kisha makofi, ya mtu mmoja tu. Ni Mwenyekiti, na alipiga akitabasamu kwa upole, kama mzee aliyempa mtoto zawadi aliyoificha muda mrefu.

"Kabla na sisi hatujapiga," Mama Kwaya akasema, sauti yake ndogo ikaingia yote kwenye kipaza sauti, "waandishi andikeni hili. Kabati lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja ni wa mshindi. Mwingine ni wa aliyempa kumi."

Ukumbi ukalipuka kwa minong'ono. Taa za kamera zikamwangukia Karani usoni.

"Naomba nafasi."

Sauti ilitoka nyuma. Watu wakapisha. Mzee mmoja aliyevaa suti iliyompwaya, kioo cha fundi saa kikining'inia shingoni kwa kamba, alikuwa anakuja katikati ya viti kwa hatua fupi.

"Baba," Karani akanong'ona. "Nilikuambia usije."

Mzee akampita. Alisimama mbele ya meza, akawatazama wajumbe mmoja mmoja.

"Binti yangu hakutunga wimbo huo," akasema. "Aliyeumalizia ni mke wangu. Mimi ni mumewe. Sikuja kudai sifa. Nimekuja kumwona aliyeuanza, basi. Kama yumo humu, namwomba asimame."

Makofi ya Mwenyekiti yalikuwa yameshakatika. Mwenyekiti mwenyewe akainuka polepole, mkono umeshika ukingo wa meza. Uso wake ulikuwa umepauka kama wa mtu aliyeona maiti inatembea, na tabasamu lote limekwisha.

Mtu wa salamu za asubuhi, alisema. Hata jina sikulijua, alisema. Karani alimtazama Mwenyekiti, na kabla hajafungua mdomo alijua kwamba aliyoambiwa asubuhi ile hayakuwa kweli.

"Mume?" Mwenyekiti akasema. Hakukumbuka kipaza sauti kilichokuwa mbele yake, wala taa nyekundu, wala nchi nzima iliyokuwa imetega sikio. "Lakini miaka yote ile aliniambia yeye ni mjane."